Mguu wa Mama

"Mpeni," alisema Profesa Semisi. "Mama amekubali."

Daktari alikuwa ameeleza kwamba dawa hiyo ya vidonda vya kisukari bado inajaribiwa, na mgonjwa anaweza kuikataa. Walizungumza Kiingereza, wamesimama kando ya kitanda alicholalia mama yake Semisi, kidole gumba cha mguu wake kimekuwa cheusi kama mkaa.

Pembeni walisimama madaktari wanafunzi wawili. Mwaka jana Semisi aliwafundisha maadili ya utafiti, akigonga meza: usimguse mtu kabla hujamuuliza mwenyewe! Sasa walikuwa wameinamisha macho.

Mama akauvuta mguu taratibu, akauficha chini ya shuka.

"Semisi," akasema kwa Kitonga, lugha ya kisiwani kwao, "huyo aliyekubali ni nani?"

"Ni wewe, mama. Nataka upone tu."

"Mbona sijajisikia nikikubali?"

 

Mama akamgeukia daktari, akasema kwa Kiingereza: "Mwanangu, mtoe huyu nje kwanza. Halafu uniulize mimi."

Daktari akasita. Semisi akaushika mkeka wa heshima aliojifunga kiunoni kwa desturi ya Watonga, akauweka sawa ingawa haukuwa umelegea.

Mmoja wa wanafunzi akamfungulia mlango.