Karatasi Nyeusi

Karatasi ya kichujio cha kupimia moshi iligeuka nyeusi tii kabla mkaguzi hajamaliza kuhesabu hadi kumi.

"Tumewapata!" alipiga kelele kutoka juu ya ngazi ya bomba la moshi. "Dereva, tumewapata!"

Chini, dereva wa ofisi ya kudhibiti hewa chafu alirusha kofia juu, akacheka hadi machozi. Miaka miwili walikuwa wakija kwenye kiwanda hiki cha kuyeyusha betri kuukuu, na kila mara walikuta tanuri limezimwa, sakafu imefagiliwa, na meneja anawakaribisha chai. Leo mkaguzi hakuaga mtu ofisini. Hata dereva alielekezwa njia kona kwa kona.

Mkaguzi aliteremka mbiombio. Aliitia karatasi ndani ya bahasha, akaifunga, akaandika saa: nne na dakika ishirini asubuhi. Masizi yalikuwa yamemwingia hadi kwenye mikunjo ya vidole.

Simu ikalia. Alikuwa mkuu wake wa kazi. Mkaguzi aliipokea huku bado anahema, habari njema ikiwa imemjaa mdomoni.

"Toka hapo kiwandani," mkuu alisema. "Sasa hivi, mama. Na hiyo karatasi uitupe."

Mkaguzi hakuwa amemwambia yuko wapi.

Dereva alikuwa kando yake, na wafanyakazi wa tanuri walishawazunguka. Mkaguzi alibonyeza spika, akaiinua simu juu ili kila mtu asikie.

"Hebu rudia, bosi," alisema. "Sijakusikia vizuri."