Klasi Haikupatikana

"Ingia, ingia! Usisimame mlangoni kama askari," alisema dada aliyekaa nyuma ya meza kubwa, macho yake kwenye kompyuta.

Kijana akaingia. Usaili huu lazima aupite. Mama mkwe ameshaambiwa kazi imepatikana, na mama mkwe naye hana kifua cha siri, mtaa mzima umeshampongeza.

"Shikamoo, bosi," akasema, ingawa kwa sura walikuwa rika moja.

Dada akacheka mpaka akafuta machozi. "Marahaba! Kaa hapa karibu. Unayajua mambo ya kujenga programu?"

"Hayo ndiyo maisha yangu."

"Basi tazama, chap chap, muda hautungoji. Programu yote inajengeka vizuri. Lakini kazi hii moja maalumu ndani yake, ukiiendesha tu, inagoma na kuandika: klasi haikupatikana, eti kipande cha programu inachokihitaji hakipo. Na maktaba, faili lenye hiyo klasi, ipo, hii hapa!"

Lo! Swali lenyewe ndilo hili? Kijana alitamani kuruka. Akavuta kiti mpaka mabega yakagusana.

"Maktaba imewekwa kwenye njia ambayo programu hutafutia vipande vyake. Kazi hii haipiti huko, inataka kuonyeshwa njia yake yenyewe. Ni sawa na kumwelekeza mgeni wa jirani, halafu ushangae wako kapotea."

"Wee! Hebu iandike nione."

Akaandika mstari mmoja, akaongeza wa pili kwa mbwembwe. Dada akabonyeza. Wakasubiri. Mara kioo kikajaa maandishi ya kijani: imefaulu.

Kelele walizopiga! Wakagongeana viganja. Dada akainuka akaizunguka meza akicheza, kijana nyuma yake, tai imemkaa begani. Kumbe kuna mabosi wacheshi hivi duniani, aliwaza, na alikuwa na furaha ya kutosha watu kumi.

"Kaka, wewe ni moto wa kuotea mbali," dada alisema akihema. "Mungu akuzidishie."

"Sasa bosi, nianze lini?"

Kabla hajajibiwa, mama mmoja wa makamo akaingia na kikombe cha chai mkononi.

"Haya, muda umekwisha." Akainama kwenye kompyuta, akasoma, akatabasamu. "Heh! Wenzako wote imewatoa jasho hii. Hongera binti, kazi ni yako."

Kisha akamgeukia kijana.

"Na wewe ndiye msailiwa wa mwisho? Pole, mwanangu. Nafasi ilikuwa moja tu."