Kiwi ya Viatu

Wanaume mia walipanga foleni kwenye lango la kiwanda cha magari, Detroit, baridi ikiwatafuna. Sasa walibaki wawili, na kazi ilikuwa moja.

Nyapara aliwaingiza kwenye chumba chenye jiko la makaa. "Vueni kofia. Wazee siwataki. Hapa tunakimbizana na mashine."

Orville akavua. Asubuhi ile jirani yake, huyu huyu aliyesimama kando yake, alimpaka kiwi ya viatu kwenye mvi, naye akampaka jirani. Kopo lenyewe lilikuwa la jirani.

Jiko lilikuwa kali. Orville akaona tone jeusi likimteremka jirani shavuni mpaka kidevuni. Nyapara alikuwa bado anapekua makaratasi.

"Bosi," Orville akasema, "huyu kapaka kiwi."

Nyapara akainua macho, akacheka. "Lo! Babu, unavuja! Haya, toka." Akageuka kutafuta kalamu. "Wewe uliyebaki, jina?"

Jirani akavaa kofia. Alipofika kwa Orville akasimama, akatoa leso, akamfuta nyuma ya sikio mpaka shingoni, taratibu, kama anamfuta mtoto. Leso ikawa nyeusi.

Akaikunja, akaitia mfukoni, akatoka.

"Jina, nimesema!"