Karata Arobaini za Ambakisye

Mgonjwa hapati mashine ya kusafisha damu mpaka ndugu yake ashinde mchezo wa karata za mazimwi. Kwa hiyo kila Jumapili Atupele humwaga karata zake kitandani, na mumewe Ambakisye, miguu imemvimba, humsaidia kuchagua arobaini.

"Joka hili litoe," alimwambia juzi. "Lina nguvu, lakini linachelewa kuingia. Weka walinzi wawili wa kuzuia mashambulizi."

Fungu likawa kali kuliko yote waliyowahi kupanga.

Kesho yake Atupele alipangiwa Mzee Kapesa, aliyekuwa akimchezea mkewe. Alikuja na karata za bure wanazopewa wanaoanza. Kila alipoinua moja aliuliza, "Hii inafanyaje kazi, mwanangu?"

Atupele alimweleza zote taratibu, hata zile ambazo zingemwangusha yeye mwenyewe. Haikusaidia. Kumwachia ashinde hakuwezekani, kwani mchezaji akiachia makusudi, wagonjwa wote wawili hukosa mashine.

Mzunguko wa nne Atupele akamshinda.

Mzee alikusanya karata zake, akampa mkono. "Umecheza vizuri," akasema. "Nikifika nyumbani nitamsimulia mke wangu. Anapenda nimsimulie."