Mto Mweupe

"Haya, tupeane mkono wa amani," alisema mchungaji, na vipaza sauti vipya vikairudisha sauti yake kutoka kila pembe.

Fundi cherehani aligeukia kulia, mkono keshaunyoosha. Hapakuwa na mtu. Kushoto, viti vitupu mpaka ukutani.

Kwenye kanisa la zamani la mabati walikuwa wakibanana, yeye na rafiki yake muuza mkaa, na kila Jumapili alirudi nyumbani na weusi kiganjani. Jengo la marumaru lilipokwisha, ni yeye aliyeshona mito myeupe ya viti vyote. Rafiki yake alichungulia mara moja tu mlangoni, akacheka. "Wee, mwenzangu! Na nguo hizi nikae wapi?" Hakurudi tena.

Kiganja chake kilishuka juu ya mto wa kiti cha pembeni. Ulikuwa mweupe pe, mshono umenyooka, haujakaliwa hata siku moja.

Alifungua kamba za mto, akautia kwapani, akaondoka. Viatu vyake vililia ukumbi mzima.

"Mama, mto huo unaupeleka wapi?" mzee wa kanisa alimnong'oneza mlangoni.

"Kwenye mkaa, baba. Ukachafuke."