Masomo Mingi Kupita Zingine

Mwinspekta wa shule alilamba kidole, akapekua daftari nene ambamo nilinakili programu ya masomo kwa mkono.

"Mama, nani alikuchagulia hii programu?"

"Ni miye mwenyewe. Ilikuwa na masomo mingi kupita zingine. Nilimufundisha binti yangu ku nyumba, pale Rwambuzi, miaka ine."

"Ah, mama! Hii ni siklo fupi, ya miaka ine tu. Inaishiaka pale. Haimufikishe mutoto ku egzame ya Leta, ile ya serikali ya kumaliza sekondari, na bila ile diplome hakuna iniversite."

Mwaka jana masista wa misheni walimpa binti yangu Berthe nafasi shuleni kwao. Nilikataa, nikidhani shule yao ni nyepesi.

Nikatoka. Berthe alisimama verandani, kidole chake cha kati kimebonyea, cha bluu kwa wino, pale kalamu inapokaa.

"Mama, wameniandika ku egzame?"

Nikaanza kumfunga kifungo cha kola. Kilikuwa kimefungwa tayari.