Ibara ya Kwanza Bwawani

Katika bonde lililokuwa na bwawa moja tu, wanyama walijitungia katiba, kisha wakampa Kiboko uongozi kwa sababu ya sauti yake. Amri yake ya kwanza ilikuwa hii: hakuna kunywa maji kabla ya kuitamka ibara ya kwanza kwa kichwa. Kiboko alipenda kusikia sauti zikitetemeka mbele yake. Maneno yenyewe hakuyajali.

Kiangazi kikaja, bwawa likabaki dimbwi, na Kiboko akajinyoosha humo akalijaza lote. Nungunungu, mbishi wa bonde zima, akasogea ukingoni.

"Haya, itamke!" Kiboko akanguruma.

"Serikali imewekwa ili mdogo anywe sawa na mkubwa," alisema Nungunungu, na sauti yake haikutetemeka. "Ikishindwa, iondoke."

"Vizuri. Sasa nenda zako, maji yamekwisha."

"Hayajakwisha, mheshimiwa. Umeyalalia."

"Nani kakufundisha jeuri hiyo?"

"Wewe. Kila siku, kabla sijanywa."

Nyuma yake Swala akaanza kuitamka ibara, Kanga wakaipokea, hata Kobe akaitikia. Bonde zima liliijua kwa kichwa, kwa kuwa Kiboko mwenyewe alilazimisha.

"Wanyamazishe!" Kiboko akamfokea mlinzi wake, Ngiri.

Ngiri alikuwa amesimama juani tangu asubuhi, midomo imempasuka kwa kiu. Akalitazama dimbwi, akamtazama bwana wake.

"Ikishindwa," akasema Ngiri, "iondoke."